Maji Hukauka, Chumvi Hubaki: Kulea Bahari Ndogo Sebuleni Kampala

Hajji mmoja wa Mengo, mwenye malori ya njia ya Mombasa, alinipigia simu mwezi wa pili akilalamika kwamba samaki wake wanakufa mmoja mmoja na haoni kosa lake liko wapi. Si mtu wa mkono wa birika. Tangi lake la kioo lina ujazo wa lita 200, limekalia kabati la mninga, lina taa ya buluu, pampu mbili na mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa ustadi. Na maji yake, aliniambia kwa fahari, si ya kukoroga. Utingo wake huyateka baharini kwenyewe, akayatia kwenye jerikeni za njano na kuyavusha mpaka wa Malaba hadi Kampala, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Kila maji yalipopungua tangini, Hajji alijazia hayo hayo.

"Mwanangu," aliniuliza, "haya ni maji waliyozaliwa ndani yake. Yatawadhuruje?"

Nilitia tone moja kwenye kipimo. Kikasoma 45. Maji ya Bahari ya Hindi pale Mombasa huwa karibu 35. Bahari ya Shamu, inayosifika kwa ukali wa chumvi, hufika kama 40. Kumbe Hajji alikuwa akifuga samaki wa Mombasa kwenye maji makali kuliko ya Shamu, na hakuwa ametia hata kijiko kimoja cha chumvi.

Swali lake si la kijinga. Huulizwa kwa namna nyingi na kila anayeanza kufuga samaki wa baharini katika nchi isiyo na bahari, na majibu anayopewa hupingana. Huyu anamwambia aongeze chumvi kila wiki, yule anamwambia asiongeze kamwe, wa tatu anamtuma akanunue gunia la chumvi ya Ziwa Katwe. Tuanze na maneno yenyewe.

Hiyo 35 ni nini?

Ukichukua kilo moja ya maji ya bahari ukayachemsha mpaka yakauke kabisa, chini ya sufuria utabakiwa na takriban gramu 35 za chumvi. Hicho ndicho kiwango cha chumvi: gramu ngapi zimo katika kila gramu 1,000 za maji. Vipimo vingine havitaji gramu, vinataja uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu. Maji matupu ni 1.000, ya bahari ni karibu 1.026 yakiwa na joto la nyuzi 25. Ni kitu kile kile kwa lugha mbili, kama mtu anayehesabu bei kwa shilingi za Uganda na mwingine kwa za Kenya. Kila alama ya 0.001 ni kama gramu 1.3 hivi.

Sasa maneno mawili ambayo Hajji alikuwa ameyachanganya, na karibu kila mtu huyachanganya. Kujazia ni kurudisha maji yaliyokauka. Kubadilisha ni kuteka sehemu ya maji ya tangini, kuyamwaga, na kutia mengine mapya mahali pake. Kwa jicho, kazi hizi zinafanana: ndoo, mpira, maji yanaingia. Kwa chumvi ni mbingu na ardhi. Maji ya kujazia hayatakiwi kuwa na chumvi kabisa, na ya kubadilishia lazima yawe na chumvi ile ile ya tangi.

Sababu yake kila mpishi anaijua. Umeonja mchuzi, chumvi iko sawa. Ukausahau jikoni nusu saa, ukirudi umekuwa mkali, na hakuna aliyeongeza kitu. Maji yamepanda na mvuke, chumvi imebaki. Ukitaka kuurudisha mchuzi wako unatia maji, hutii supu nyingine yenye chumvi. Tangi la samaki ni sufuria iliyo kwenye moto mdogo sana usiozimwa usiku wala mchana. Taa inapasha, pampu inatikisa uso wa maji, feni inapuliza, na katika kiangazi cha Januari na Februari hewa ya Kampala inakunywa kila inachopewa.

Tangi la Hajji lilikuwa likipoteza kama lita mbili kwa siku. Kwa mwezi ni lita 60, yaani jerikeni tatu, na ndizo hasa utingo alizokuwa akileta. Maji ya bahari lita 200 yana chumvi kilo saba na kidogo. Zile jerikeni tatu zilileta kilo mbili nyingine na zaidi, huku lita 60 zilizokauka hazikuondoka na hata punje. Piga hesabu: chumvi ya lita 260 ndani ya lita 200. Thelathini na tano inakuwa 45 na nusu. Kipimo changu hakikukosea.

Katwe na Viktoria

Sisi Waganda na wakazi wa Uganda tuna mfano bora wa jambo hili kuliko watu wengi wa pwani, maana tuna maziwa mawili yanayolieleza vizuri.

Ziwa Katwe, kule Kasese, ni shimo la volkano ya zamani. Maji yanaingia, hayana mto wa kutokea. Njia pekee ya kuondoka ni jua. Kila tone linaloingia linakuja na chembe chembe za madini kutoka ardhini, linapaa na kuziacha. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka na unapata ziwa ambalo watu wanasimama ndani yake wakivunja mapande ya chumvi, na pembeni wengine wamechimba viwanja vya maji ili jua liwamalizie kazi.

Ziwa Viktoria nalo linapoteza sehemu kubwa ya maji yake kwa jua, tena nyingi kuliko yanayotoka kwa mto. Lakini maji yake ni baridi ya kunywa, ngege na sangara wamejaa. Tofauti ni kwamba pale Jinja kuna mlango. Mto Nile unatoka na maji pamoja na madini yake, mwaka nenda mwaka rudi, kwa hiyo hakuna kinachorundikana.

Weka mfano huo akilini, maana utaturudia tukifika kwenye maji ya bomba.

Kwani samaki anajali?

Anajali, na si kwa sababu ya ladha.

Ukitaka kutengeneza kachumbari isiyo kali, unakata vitunguu, unanyunyizia chumvi na kuvifikicha. Baada ya dakika chache bakuli limejaa maji. Hukutia maji. Chumvi iliyo nje imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Wanasayansi huita mwendo huo osmosisi: maji hupenya ngozi nyembamba yakielekea upande wenye chumvi nyingi.

Samaki wa baharini ni kitunguu kinachojitetea. Damu yake ina chumvi kama theluthi tu ya ile ya bahari, kwa hiyo bahari inamnyonya maji saa zote, hasa kupitia matamvua. Yeye anafanya nini? Anakunywa. Anameza maji ya bahari, anabaki na maji, na chumvi iliyozidi anaisukuma nje kupitia matamvua hayo hayo. Ni kazi inayokula nguvu, lakini ameizoea, kama mama anayepanda kilima cha Nakasero na kapu kichwani kila asubuhi. Ukimwongezea mzigo ghafla, atapanda siku ya kwanza, atapanda ya pili, ya tatu ataketi njiani. Samaki aliyechoka namna hiyo huacha kula, rangi hufifia, na ugonjwa wowote unaopita unampata yeye. Wenyewe husema "ameuawa na madoa meupe", na ni kweli madoa yapo, lakini mlango ulifunguliwa na kitu kingine.

Samaki wa ziwani ana shida ya upande wa pili: maji yanamwingia bila hodi na anakojoa karibu mfululizo kuyatoa. Ndiyo maana wa baharini na wa ziwani hawawezi kubadilishana makazi. Niliulizwa na kijana mmoja wa Ntinda kama ngege akitiliwa chumvi "pole pole" hatageuka wa baharini. Wako jamii za ngege zinazovumilia chumvi nyingi, lakini kuvumilia si kugeuka.

Wanaoumia zaidi ni wale wasio na mtambo huo wa kujitetea. Kiti cha pweza (yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota), matumbawe na jamaa zao, maji ya mwilini mwao yana chumvi sawa na bahari iliyowazunguka. Bahari ikipanda nao wanapanda, ikishuka nao wanashuka, mpaka chembe za mwili zisinyae au zivimbe. Kwa Hajji, cha kwanza kufa kilikuwa kiti cha pweza chekundu. Aliniambia kilikufa "bila sababu" wiki mbili kabla ya samaki wa kwanza.

Hapa ndipo penye neno ninalotaka lishikwe kuliko lolote: namba yenyewe si muhimu kama utulivu wake. Matumbawe huishi vizuri kwenye 34, kwenye 35, hata 36. Tangi la samaki watupu wengine huliweka chini ya hapo na samaki wananenepa. Heri 34 ya kila siku kuliko 35 ya Jumatatu, 37 ya Ijumaa na 33 baada ya kumwagiwa ndoo Jumapili. Na tangi dogo ndilo gumu, si rahisi kama wanaoanza wanavyodhani. Lita moja ikikauka kwenye tangi la lita 300, kiwango kinatoka 35 hadi 35.1. Lita hiyo hiyo kwenye tangi la lita 30 inakupeleka 36.2 kwa siku moja.

Vipimo, na uongo wao

Wapo wanaoonja. Ulimi unaweza kukutofautishia bahari na ziwa, lakini 35 na 39 kwake zote ni "chumvi". Acha.

Kipimo cha bei nafuu ni haidromita, kisanduku cha plastiki chenye mkono unaoelea. Aliyejifunza kuogelea Entebbe akienda Mombasa hujiona mwepesi, maji yanambeba. Mkono ule nao hubebwa zaidi maji yakiwa na chumvi zaidi. Udhaifu wake ni viputo vya hewa: viwili vitatu vikiung'ang'ania, vinauinua na unasoma chumvi ambayo haipo. Kigonge kidogo, ngoja, soma tena. Angalia pia kimetengenezwa kusomwa maji yakiwa na joto gani, maana vingine ni nyuzi 25 na vingine ni 15 na kidogo, na maji ya moto hayabebi kama ya baridi.

Ninachotumia mimi ni refraktomita, kidude kama darubini ya mtoto. Unatia tone mbili kwenye kioo chake, unafunga kifuniko, unaelekeza kwenye mwanga na kuchungulia: juu buluu, chini nyeupe, na mpaka wa rangi hizo mbili ndio jibu. Kinategemea jinsi mwanga unavyopinda ukiingia majini, kama kijiko kinavyoonekana kimevunjika ndani ya glasi. Chumvi ikizidi, unapinda zaidi. Kuna pia kalamu za kielektroniki zinazopima jinsi umeme unavyopita majini. Nzuri, ila nazo zinahitaji kusahihishwa mara kwa mara.

Kusahihishwa ndiko wengi wanakokosea. Karatasi ya refraktomita itakuambia utie maji safi na urekebishe isome sifuri. Fanya hivyo, lakini usilale. Mizani ya sokoni yaweza kukaa sifuri vizuri kabisa sahani ikiwa tupu, na bado ikakuibia robo kwenye kilo. Unachotaka kujua ni kama inasema kweli pale unapoitumia, yaani 35. Kuna maji ya kupimia yanayouzwa kwa kazi hiyo. Ukiyakosa, pima gramu 36.5 za chumvi kavu ya jikoni na gramu 963.5 za maji safi kwa mizani ya kidijitali, koroga mpaka iyeyuke: refraktomita iliyo sawa itayasoma 35. Mbona si gramu 35? Kwa sababu chumvi ya jikoni haipindi mwanga sawasawa na mchanganyiko wa bahari. Hayo ni maji ya kupimia refraktomita tu. Samaki asiyaone.

Chumvi ya Katwe, chumvi ya jikoni

Hapo tumegusa jambo ambalo linaua matangi mengi. Mtu anapima, anapata 1.026 barabara, samaki wanakufa, anaapa kwamba kipimo ni cha bandia. Kipimo ni kizima. Tatizo ni kwamba kinajua wingi wa chumvi tu, hakijui ni chumvi gani.

Maji ya bahari si maji na chumvi ya mezani. Katika zile gramu 35, kloridi ni kama 19, sodiamu karibu 11, halafu salfeti 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu na potasiamu 0.4 kila moja, na vingine vingi kwa kiasi kidogo mno. Ajabu ya bahari ni kwamba uwiano huo haubadiliki karibu popote duniani. Meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka bahari kuu kati ya 1872 na 1876 ikiteka maji, na mkemia William Dittmar akachambua sampuli 77. Majibu yake, yaliyochapishwa 1884, yalionyesha kwamba chumvi yaweza kuwa nyingi hapa na chache pale, lakini mchanganyiko ni ule ule. Ndiyo sababu kipimo kinachotoa namba moja tu kinatosha kwa bahari, na ndiyo sababu hakikutoshi kwa kitu kingine chochote.

Chumvi ya jikoni ni sodiamu na kloridi, basi. Matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalsiamu. Yatajengea nini? Ya Katwe ni mchanganyiko wa aina yake, imejaa salfeti na jamii ya magadi, na maji yake ni makali hivyo hivyo. Kwa ng'ombe wa Ankole wanaoramba ni neema. Ukiizimua mpaka kipimo kiseme 1.026 utakuwa na Ziwa Katwe jepesi, si Bahari ya Hindi.

Inayotakiwa ni chumvi ya baharini iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi, inayouzwa kwa ndoo au mifuko. Kwa kila lita ya maji huenda gramu 36 hadi 38, kwa kuwa chumvi hizo huja na unyevu ndani yake. Tia chumvi kwenye maji, si maji kwenye chumvi, tena kwenye ndoo ya pembeni yenye pampu inayozungusha, saa kadhaa, mpaka maji yawe angavu. Hapo ndipo upime. Kuimwaga moja kwa moja tangini juu ya samaki ni kumkaanga mtu kwa chumvi. Na funga mfuko wako vizuri: chumvi hii hunywa unyevu wa hewa, na katika masika ya Aprili mfuko ulioachwa wazi hugeuka jiwe. Kikombe kile kile kilichokupa 35 mwezi uliopita kitakupa 33.

Na maji ya Mombasa je? Yakiwa yametekwa mahali safi, mbali na bandari na mikono ya bahari inayopokea mito na maji machafu, ni mazuri kuliko yoyote utakayokoroga. Shida ni safari na chombo. Jerikeni nyingi za njano tunazotumia zilianza maisha zikiwa na mafuta ya kupikia. Nilifungua moja ya Hajji, nikaona juu ya maji duara za rangi za upinde wa mvua.

Maji ya kujazia yatoke wapi?

Tumekubaliana kwamba yasiwe na chumvi. Basi bomba linatosha? Rudi Katwe. Maji ya bomba ya Kampala hutoka Ziwa Viktoria, husafishwa kwenye mitambo kama ya Ggaba na kutiwa klorini. Ni maji laini, yana madini machache. Machache si sifuri. Tangi la kupoteza lita mbili kwa siku hujaziwa lita 730 kwa mwaka. Madini yote ya lita 730, na shaba ya bomba kama ipo, na klorini isipoondolewa, vimeingia kwenye lita 200 na havina mlango wa kutokea. Maji ya kisima cha pampu mara nyingi yana madini mengi zaidi. Kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu kunaondoa maji na kuacha madini. Tazama ndani ya birika lako.

Mvua inashuka ikiwa safi, inafika ikiwa imeosha paa. Mabati yamepakwa zinki, ndege wametua, vumbi la barabara limekaa tangu Januari. Zinki kidogo tu ni sumu kwa konokono na kamba wa baharini.

Yaliyo bora ni maji yaliyopitishwa kwenye mashine inayoyasukuma kwenye utando mwembamba hadi madini yabaki nyuma, au maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapozwa kuwa maji tena. Ya mwisho yanapatikana vituo vya mafuta kama maji ya betri. Soma kibandiko mara mbili, kwa sababu kwenye rafu ile ile huwekwa asidi ya betri kwenye chupa inayofanana nayo.

Hata ukiwa na maji safi namna gani, badilisha sehemu ya maji ya tangi kila baada ya muda. Hiyo ndiyo Jinja yako.

Chumvi hutorokea wapi

Nimesema chumvi haiondoki. Haiondoki na mvuke. Lakini ina milango ya uani. Kichuja povu kinachotoa uchafu kinatoa maji ya chumvi kila unapomwaga kikombe chake. Marusho ya pampu hukauka ukingoni na kuwa magamba meupe, mengine yanatambaa kwenye waya hadi kwenye soketi, na hayo ni ya kufutwa mara moja, si kwa ajili ya kiwango bali kwa ajili ya nyumba. Kila wavu uliotoka, kila jiwe ulilolitoa, limeondoka na chumvi yake. Ukijazia yote hayo kwa maji matupu, kiwango kinashuka taratibu: 35, miezi miwili baadaye 33, na hakuna siku uliyoona kosa. Kwa hiyo anayekuambia usiongeze chumvi kamwe naye amekosea. Pima kila wiki. Upungufu mdogo unaufidia kwenye maji ya kubadilishia, kwa kuyakoroga makali kidogo.

Kosa langu mimi lilikuwa la upande huo wa kushuka, na lilikuja kwa usiku mmoja. Nilikuwa na mfumo wa lita 120, tangi juu na hodhi la kuchujia chini, na kifaa kinachojazia chenyewe: boya likishuka, pampu ndogo inavuta maji matupu kutoka jerikeni ya lita 20. Nilikinunua ili nipumzike. Konokono mmoja akapanda juu ya boya akalala. Kifaa kikaamini maji yamepungua, kikajazia, kikajazia, mpaka jerikeni ikakauka. Asubuhi nilikuta hodhi limejaa pomoni na kipimo kinasoma 30. Kamba wawili walikuwa wamelala ubavu. Kiti cha pweza nilipokigusa mkono wake ulikatika kama mkate uliolowa. Samaki walikuwa wakiogelea kama kawaida, jambo linalokuonyesha nani ana mtambo na nani hana.

Nilikuwa nimeshashika mfuko wa chumvi mkononi. Kisha nikakumbuka kitu: hakuna kilichomwagika. Chumvi yangu yote bado ilikuwa mle ndani, imezidiwa maji tu. Nikaurudisha mfuko. Nilizima kifaa, nikaacha maji yakauke yenyewe, kidogo kidogo kila siku, na baada ya siku kama 16 usawa ulirudi kwenye mstari wake na kipimo kikarudi 35. Ningetia chumvi siku ile, ningepata tatizo la Hajji mwezi uliofuata. Leo kifaa kile ninacho, lakini kinanyonya kwenye chupa ya lita tatu. Konokono alale atakavyo.

Kumrudisha Hajji 35

Kushusha ni rahisi kuliko kupandisha, kwa kuwa samaki huvumilia maji kupungua chumvi kuliko kuongezeka. Bado hatukukimbia. Tulikubaliana alama moja ya 0.001 kwa siku. Kwa tangi lake ilikuwa kuteka lita sita za maji makali kila asubuhi na kutia sita zisizo na chumvi, pole pole kwa mpira mwembamba kama wa dripu. Kadiri kiwango kilivyoshuka zikawa lita saba. Siku ya nane tulikuwa karibu na 35. Samaki wanne walikuwa wamebaki, na siku ya tano mmoja wao, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, alitoka nyuma ya jiwe akala.

Halafu nikachukua kalamu ya wino usiofutika nikachora mstari kwenye kioo, pembeni, mahali maji yanapofika tangi likiwa sawa. Mjukuu wake wa miaka tisa ndiye aliyepewa kazi: kila jioni kabla ya kula, maji ya betri hadi mstarini, usizidishe. Mtoto ana jicho kali kuliko babu yake na hasahau.

Utingo bado analeta maji ya Mombasa, sasa kwenye jerikeni mpya ambazo hazijawahi kuona mafuta. Zimepangwa barazani, na kila moja ina karatasi iliyobandikwa kwa mwandiko wa Hajji: "Ya kubadilishia. Si ya kujazia."